Kodi moja ya muziki inakaa muda gani? Kutofautisha hadibopu na jazi ya modi kwa sikio

SikioMoja ameuliza:

Wakuu salaam, naomba kueleweshwa. Nina albamu mbili ambazo kila anayependa jazi huzitaja kwanza: Moanin' ya Art Blakey na Jazz Messengers, na Kind of Blue ya Miles Davis. Ya kwanza inaitwa hadibopu (hard bop), ya pili jazi ya modi (modal jazz). Tuni ya mwanzo naifuata bila shida kwenye zote mbili, lakini solo zikishaanza napotea. Sijui tuko mwanzo, katikati au mwisho, nabaki kusubiri tuni irudi.

Vyombo ni vilevile: tarumbeta, saksafoni, piano, besi, drams. Sasa nisikilize kitu gani hasa? Maelezo ya kwamba moja ina moto na nyingine imetulia nimeyasoma mpaka nimechoka, na hayanisaidii solo ikifika dakika ya tatu. Nina kinanda kidogo. Kusoma noti sijui, ila sauti naweza kuitafuta kwa kidole.

---

BesiNene amejibu:

Mkuu, kwa siku chache za mwanzo achana na mpiga solo. Fuata besi. Solo ni ghorofa ya juu, na besi ndiyo inayokuonyesha nyumba ina vyumba vingapi.

Anza na So What. Ina utangulizi wa piano na besi ambao hauna mdundo wa kuhesabika, kwa hiyo uache upite. Kisha besi ya Paul Chambers inashika tuni yenyewe na piano inamjibu kwa kodi mbili (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja). Hapo ndipo anza kuhesabu. Kipimo kimoja kina mapigo manne, basi hesabu hivi: *moja*-mbili-tatu-nne, *mbili*-mbili-tatu-nne, *tatu*-mbili-tatu-nne, mpaka *nane*. Kila kipimo kunja kidole kimoja.

Vipimo 8 vya kwanza piano ndiyo inayojibu. Vipimo 8 vinavyofuata ni tuni ileile, ila sasa tarumbeta na saksafoni ndizo zinazojibu. Halafu kila kitu kinapanda nusu toni (hatua ya kitufe kimoja cha kinanda) kwa vipimo 8, na mwisho kinarudi palepale kilipoanza kwa 8 vingine. Jumla 32, na huo ni mzunguko mmoja. Solo zote zinapita juu ya mzunguko huohuo: Miles kwa tarumbeta anachukua miwili, John Coltrane kwa saksafoni miwili, Cannonball Adderley kwa saksafoni miwili, Bill Evans kwa piano mmoja. Kwa mwendo wa kibao hiki mzunguko ni karibu dakika moja kasoro sekunde nne. Ukiona saa yako haikubaliani na hesabu, umeruka kipimo mahali.

Sasa leta kinanda. Kwa vipimo 16 vya kwanza piga vitufe vyeupe tu, ukianzia D na kuishia D ya juu. Hiyo ndiyo skeli (ngazi ya sauti) yote, inaitwa modi ya Doriani, na juu yake mpiga solo anakaa karibu nusu dakika bila kuhamishwa. Wakipanda nusu toni unahamia vitufe vyeusi vyote vitano ukiongeza F na C, huku nyumbani kwako pakiwa E♭ (kitufe cheusi kilicho kati ya D na E). Vipimo 8 vikiisha, rudi kwenye vyeupe. Kwa kidole kimoja tu unaweza kutembea na Miles solo nzima, na utaisikia ile nusu toni inavyofungua dirisha kila inapofika. Watu wengi huipita kwa sababu besi haitangazi, inahama tu.

Kisha weka Moanin'. Nayo ina vipimo 32, nayo imegawanywa nane nane, na nane za tatu ndizo tofauti. Ramani ni ileile! Kinachobadilika ni muda ambao kodi moja inakaa. Ndani ya vipimo 8 vya Moanin' kodi zinapokezana mara nyingi, na ukimsikiliza mpiga tarumbeta Lee Morgan vizuri utaona vifungu vyake vinainama kufuata kila kodi inapogeuka. Kwenye So What hakuna kinachomgeuza Miles, kwa hiyo anaweza kupiga noti tatu, akanyamaza kipimo kizima, kisha akaendelea na wazo lilelile. Hiyo ndiyo tofauti. Joto na utulivu ni matokeo yake.

---

MatoaziMawili amejibu:

Naunga mkono hesabu ya BesiNene, ila kwenye Moanin' usiitegemee besi peke yake. Mlinzi wa mzunguko pale ni Blakey mwenyewe, mpiga drams.

Sikiliza yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu. Blakey anayafunga kwa nguvu kwenye pigo la pili na la nne, kila kipimo, kama msumari. Ukipotea, subiri kishindo hicho na utajua upo upande gani wa kipimo. Halafu, vipimo 8 vinapokaribia kuisha, hasa mzunguko mzima unapokwisha, anasugua fimbo mbili kwenye ngoma ndogo mpaka mgurumo unavimba kama wimbi, kisha unavunjika kwenye pigo la kwanza la kipimo kipya. Mgurumo huo unamwambia mpiga solo kwamba mlango ndio huu, aingie au atoke. Wewe nawe unaambiwa hivyohivyo.

Kitu kingine cha Blakey: mara nyingine utasikia ngoma moja inapanda sauti kama inauliza swali. Anakandamiza ngozi kwa kiwiko huku mkono mwingine unapiga, na ngozi ikikazwa sauti inapanda. Kwenye albamu hiyohiyo, upande wa pili, The Drum Thunder Suite ya Benny Golson ndiyo mahali pazuri pa kumsikiliza anavyotumia drams nzima kama kundi la ngoma.

Jimmy Cobb, mpiga drams kwenye So What, anafanya kinyume, na kwa makusudi. Toazi lake kubwa linatembea bila kusumbua mtu. Lakini sikiliza sekunde ambayo Miles anaanza solo, karibu dakika 1 na nusu. Cobb anapiga toazi moja kwa nguvu, na sauti yake inaning'inia juu ya noti za kwanza za tarumbeta. Toazi hilo moja tu, kisha anarudi kwenye mwendo wake.

Na kwa kuwa una kinanda, piga zile kodi mbili za majibu. Ya kwanza, kutoka chini kwenda juu: E, A, D, G, B. Ya pili: D, G, C, F, A. Zote ni vitufe vyeupe. Utaona sauti zimeachana nafasi pana, na ndiyo maana hazikusukumi popote, zinaelea. Kisha piga kodi ya B♭ ikishukia F. Hiyo ni "Amina" ya kanisani, na ndilo jibu ambalo bendi inampa Bobby Timmons kwenye Moanin' kila piano yake inapoita. Hiyo inakuleta nyumbani na kukukalisha. Nusu ya hadibopu imo ndani ya kuita na kuitikia huko.

---

SikioMoja:

Asanteni sana. So What nimeihesabu mpaka solo ya Coltrane bila kupotea. Ila kuna jambo: nikipiga D kwenye kinanda huku santuri ikicheza, hazikubaliani. Santuri iko juu kidogo, si E♭ kamili, iko katikati. Je, kinanda kimekosea au ni mtambo?

---

UtepeWaZamani amejibu:

Usikitupe kinanda. Fanya jaribio hili kwanza: geuza santuri, weka All Blues, utafute G. All Blues ikikubaliana na kinanda na So What ikikataa, mtambo wako ni mzima na tatizo limo kwenye nakala yenyewe. Zote mbili zikikataa kwa kiasi kilekile, basi mtambo wako unazunguka haraka kuliko mizunguko 33⅓ kwa dakika, na hapo urekebishe mwendo au ubadilishe mkanda.

Sababu ni hii. Kind of Blue ilirekodiwa kwa siku mbili za mwaka 1959 kwenye studio ya Columbia ya 30th Street, New York. Tarehe 2 Machi walirekodi Freddie Freeloader, So What na Blue in Green, yaani upande wa kwanza wote. Tarehe 22 Aprili wakarekodi Flamenco Sketches na All Blues. Siku ile ya Machi mashine kuu ya utepe ilikuwa inakwenda polepole kuliko inavyotakiwa. Utepe uliorekodiwa polepole ukichezwa kwa mwendo sahihi unakimbia, na sauti inapanda. Kwa zaidi ya miaka 30 santuri za albamu hii zilitoka na upande mmoja ulio juu kidogo. Siku hiyohiyo palikuwa na mashine ya pili ya akiba iliyokwenda sawasawa, na utepe wake ndio uliotumika kusahihisha kosa, kwanza kwenye toleo la mwaka 1992. Toleo la mwaka 1997 limesahihishwa pia, na lina Flamenco Sketches ya ziada, yaani mara nyingine waliyoipiga nzima siku ileile.

Kwa hiyo ukitaka kupiga kinanda pamoja nao, tafuta toleo linalosema wazi kwamba mwendo umesahihishwa. Kwa kusikiliza tu, nakala ya zamani haina ubaya, ila fahamu kwamba saksafoni ya Coltrane uliyoizoea pale ni nyembamba kidogo kuliko ilivyotoka kinywani mwake.

Angalizo kwa wanaosikiliza kwenye mtandao: hakikisha unacheza So What ya studio, yenye dakika 9 na ushei. Bendi za Miles za miaka ya 1960 ziliipiga jukwaani kwa kasi kubwa mno. Ile iliyorekodiwa Philharmonic Hall, New York, Februari 1964, Tony Williams akiwa kwenye drams, inakwenda mbio kiasi kwamba vidole vya kuhesabia vitakuchanganya. Iweke kando mpaka uwe umeizoea ya 1959.

Kuhusu Moanin', kuna malalamiko utakayokutana nayo: piano inasikika kama imefungiwa sandukuni. Si kifaa chako. Ilirekodiwa na Rudy Van Gelder tarehe 30 Oktoba 1958, sebuleni kwa wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, ambako ndiko kulikuwa studio yake kabla ya kuhamia Englewood Cliffs mwaka 1959. Alisogeza maikrofoni karibu na vyombo, na ndiyo maana tarumbeta ya Morgan inakufika usoni. Piano ndiyo iliyolipa gharama. Ukiongeza sauti kali ili kuifungua piano, utayaharibu matoazi, kwa hiyo iache ilivyo.

Ukisikiliza stereo za Blue Note (kampuni iliyotoa Moanin') za wakati huo kwa hedifoni, vyombo vinaweza kubanwa sikio moja moja mpaka uchoke. Bonyeza kitufe cha mono (sauti ileile masikio yote mawili) kama kipo. Hupotezi chochote, kwa sababu kuanzia mwishoni mwa 1958 mono ya Blue Note ilipatikana kwa kuunganisha njia mbili za utepe huohuo wa stereo. Kind of Blue ndiyo nisingependa uibane hivyo: kwenye stereo yake Coltrane yuko kushoto na Cannonball kulia, na kwa mtu anayejifunza kuwatofautisha, huo ni msaada mkubwa.

Ukipata santuri kongwe ya mono ya miaka ya 1950, fahamu kuwa mifereji yake ilikatwa kwa ajili ya sindano ya mikroni 25 hivi. Sindano ya kawaida ya stereo ni nyembamba, karibu mikroni 18, inakwenda chini zaidi mferejini na kukuletea uchafu na mikwaruzo ya chini. Santuri huenda haina kosa. Safisha, bonyeza mono, kisha ndipo uihukumu. Na kama unainunua kwa bei ya nakala ya awali, itazame kwenye mwanga karibu na lebo, pale mifereji inapoishia: herufi RVG ni alama ya Van Gelder aliyeikata, na alama inayofanana na sikio ni ya kiwanda cha Plastylite kilichoichapa Blue Note mpaka 1966. Yenye RVG bila sikio inaweza kuwa ya baadaye lakini imetoka kwenye mkato uleule, na kwa sikio mara nyingi inatosha kabisa.

---

KodiIshirini amejibu:

Niongeze pingamizi, kwa nia njema. Tusimfundishe mwenzetu kwamba hizi ni kambi mbili zenye ukuta. Kind of Blue yenyewe si modi mwanzo hadi mwisho. Freddie Freeloader ni bluzi ya vipimo 12 kwenye B♭, na kwa kibao hicho kimoja Miles alimweka Wynton Kelly kwenye piano badala ya Evans. Kelly ndiye anayefungua solo, na kila kifungu chake kina hadibopu ndani. Blue in Green ni mzunguko wa vipimo 10 wenye kodi zinazogeuka kila mara. Anayehesabu nane nane pale atakwama, halafu atajilaumu bure.

Kwa upande mwingine, Flamenco Sketches haihesabiki kabisa kwa vidole. Ina skeli tano zinazofuatana, na kila mpiga solo anakaa juu ya kila moja kadiri anavyotaka kabla ya kuhamia inayofuata. Pale hesabu milango, si vipimo. Sikiliza piano na besi zinapobadilika rangi pamoja: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha anaingia mwingine.

Na mtazame Coltrane. Aprili 22 anapiga Flamenco Sketches. Mwanzoni mwa Mei mwaka uleule, wiki mbili baadaye, anarekodi Giant Steps: vipimo 16, kodi 26, funguo tatu (nyumba tatu za sauti) za B, G na E♭ zinazofukuzana kwa kasi. Paul Chambers yuleyule kwenye besi. Sikiliza solo ya Tommy Flanagan kwenye piano. Vifungu vinakatika, vinakuwa vifupi, mwishowe anabaki na kodi tu. Sijaona mahali pengine ambapo gharama ya kodi nyingi inasikika wazi hivyo. Ukitoka hapo ukarudi So What, utaelewa kwa nini mtu kama huyo alihitaji nafasi.

---

BesiNene:

Pingamizi nimelipokea, hasa la Blue in Green. Ningeitaja mwanzoni. Basi nimpangie SikioMoja njia ambayo muda wa kodi unarefuka taratibu, badala ya kurukia ncha mbili.

Anza na Soul Station ya Hank Mobley (Februari 1960). Ana saksafoni moja tu mbele ya Kelly, Chambers na Blakey, kwa hiyo hakuna msongamano, na Mobley anafuata kodi kwa upole bila kuonyesha jasho. Halafu The Sidewinder ya Lee Morgan, iliyorekodiwa Desemba 1963. Ni bluzi, lakini imenyooshwa kutoka vipimo 12 hadi 24, na mdundo wa Billy Higgins unakubeba. Wengi hukosea kwa kuhesabu 12 na kujikuta katikati ya mzunguko wakidhani umeisha.

Kisha Maiden Voyage ya Herbie Hancock ya 1965. Hapo kodi moja inakaa vipimo vinne: vinne besi ikiwa kwenye D, vinne kwenye F, unarudia, daraja (zile nane za tatu) linapita kwenye kodi nyingine mbili, kisha unarudi mwanzo. Iko katikati kabisa ya Moanin' na So What, na mpaka umeihesabu hutaona ilivyo rahisi.

Baada ya hapo My Favorite Things ya Coltrane, iliyorekodiwa Oktoba 1960, karibu dakika 14. Mapigo ni matatu, si manne. Wakati wa solo hawafuati urefu wa tuni. Mpiga piano McCoy Tyner na wenzake wanakaa juu ya E ndogo (minor) kadiri wapendavyo, kisha tuni inarudi kama ishara, wanahamia E kubwa (major). Usihesabu. Subiri tuni.

---

MatoaziMawili:

Na ukifika A Love Supreme ya Coltrane, ya Desemba 1964, kinanda kiwe karibu. Sehemu ya kwanza, besi ya Jimmy Garrison inarudia noti nne: F, A♭, F, B♭. Zipige mpaka kidole kizizoee. Karibu na dakika ya 5 Coltrane anachukua umbo hilohilo la noti nne na kulihamisha, mara hapa mara pale, mpaka amelipitisha kwenye funguo zote 12. Besi haimfuati kila anapokwenda, kwa hiyo unasikia umbo linaondoka nyumbani huku nyumba imebaki mahali pake. Jaribu kulihamisha nawe, kitufe kimoja kimoja. Dakika ya 6 sauti za watu zinaingia na kuimba noti hizohizo, na kabla hazijanyamaza zinashuka toni nzima, kutoka F hadi E♭, kwa sababu sehemu ya pili itaanzia hapo.